Mafao ya Kukosa Kazi Marekani Yakiisha: Maswali Yanayoulizwa Sana Kuhusu Wiki za Nyongeza

Kila kampuni ikipunguza watu simu zinaanza, Louisville, Des Moines, Columbus, Dallas, kote wanakokaa watu wetu, na maswali ni yale yale. Mengine majibu yake ni mafupi, mengine inabidi ukae chini. Jua tu kwamba sheria ya nyongeza ni ya nchi nzima ila kila jimbo lina ofisi yake na namba zake, kwa hiyo ukisoma kitu hapa afu binamu yako wa Texas akakwambia tofauti inawezekana wote mko sawa.

Wiki zangu zimeisha. Serikali inaniongezea yenyewe?

Siku nyingi hapana. Najua si jibu ulilotaka, ila afadhali ulisikie leo kuliko kukaa unasubiri barua ambayo haiji huku kodi ya nyumba inapanda. Kuna programu ya kudumu inaitwa Extended Benefits, watu wanaiita EB, ipo kwenye sheria tangu Agosti 1970, lakini haiko wazi muda wote. Inafunguka jimbo moja moja pale ambapo kiwango cha watu wasio na kazi kwenye jimbo hilo kimepanda mpaka kizingiti fulani. Uchumi ukiwa wa kawaida, hata kama wewe binafsi mambo yamekukalia vibaya, mlango unabaki umefungwa. Haiangalii shida yako, inaangalia takwimu za jimbo. Hapo ndo watu wengi wanapokosea, wanaandika barua ndefu kueleza wana watoto wangapi na mama yao anaumwa, yule dada wa ofisini anasoma anasikitika kweli, lakini hana kitufe cha kubonyeza.

Mbona mwenzangu wa jimbo lingine bado analipwa na tuliachishwa mwezi mmoja?

Kwa sababu wiki za kawaida zenyewe hazifanani. Majimbo mengi kiwango cha juu ni wiki 26. Florida na North Carolina wakati ajira ziko vizuri unapata mpaka 12 tu. Kentucky walikuwa na 26, ila tangu 2023 idadi inapanda na kushuka kufuatana na kiwango cha watu wasio na kazi, kuanzia 12 mpaka 24. Iowa walishusha mpaka 16 mwaka 2022. Michigan wao walikuwa 20, wakarudisha 26 mwaka 2025.

Hapo kwa Iowa kuna kitu watu hawakijui na kinawagharimu. Kama mwajiri amefunga kabisa, yaani kiwanda kimekufa na si kwamba wamepunguza zamu, unaweza kupewa mpaka wiki 26 badala ya 16. Mji wa Perry, huko huko Iowa, kiwanda kikubwa cha nyama kilifungwa 2024 na watu zaidi ya elfu moja wakabaki bila kazi, kesi kama hiyo ndo inaangukia hapo. Kwa hiyo wakikuuliza sababu ya kuacha kazi, usiandike tu "nimepunguzwa", andika kilichotokea kweli, kwamba wamefunga. Neno moja kwenye fomu linaweza kuwa wiki kumi.

Hii si hela yangu? Si nilikuwa nakatwa kwenye cheki kila Ijumaa?

Hapana, na hili linawachanganya sana waliotoka nyumbani wakiwa wamezoea NSSF, ambako una namba yako na michango yako imeandikwa jina lako. Huku ni bima. Anayelipa ni mwajiri, kodi ya jimbo na kodi ya serikali kuu, tena ya serikali kuu inahesabiwa kwenye dola 7,000 za kwanza tu za mshahara wako wa mwaka. Majimbo matatu tu ndo mfanyakazi naye anakatwa kidogo, Alaska, New Jersey na Pennsylvania. Ule mkato mkubwa unaouona kwenye cheki ni wa Social Security na Medicare, na ni habari nyingine kabisa. Kwa hiyo hakuna akaunti yako iliyobaki na chenji. Wiki zikiisha zimeisha, ila pia usione aibu kuomba maana bima hiyo imelipiwa kwa ajili ya kazi uliyofanya wewe.

Sasa hicho kizingiti kikoje? Nani anakipima?

Nitaeleza kidogo kwa urefu maana ukielewa hapa utaacha kuamini uvumi wa WhatsApp.

Kuna vipimo viwili. Cha kwanza kinahesabu watu wanaopokea mafao ya kawaida tu, wanagawanywa kwa wafanyakazi wote wenye bima kwenye jimbo, na wanaangalia wastani wa wiki 13. Ukifika asilimia 5 na pia ukawa angalau asilimia 120 ya wastani wa kipindi kama hicho kwa miaka miwili iliyopita, jimbo linafungua, ni lazima. Jimbo likitaka linaweza kuweka pia kwenye sheria yake kwamba ikifika asilimia 6 inafunguka bila kulinganisha na zamani.

Cha pili ni kile kiwango unachokisikia kwenye habari, cha watu wote wanaotafuta kazi, wawe wanapokea mafao au hawapokei. Hiki ni cha hiari, jimbo liwe limekipitisha lenyewe. Wastani wa miezi mitatu ukifika asilimia 6.5 na ukawa angalau asilimia 110 ya kipindi kama hicho katika mmoja wa miaka miwili iliyopita, EB inafunguka. Ukifika asilimia 8 zinaongezwa mpaka wiki zingine saba juu yake.

Sasa angalia ule wa kwanza vizuri. Unahesabu wanaolipwa tu. Mtu wiki zake zikiisha anatoka kwenye hesabu, yaani wewe uliyeishiwa, ambaye ndo unahitaji nyongeza, hauhesabiwi tena! Jimbo lenye wiki 12 linatoa watu haraka kuliko jimbo lenye 26, kwa hiyo namba yake inabaki chini na mlango hauguswi. Sijui kama waliotunga walikusudia hivyo ila matokeo ndo hayo, na mimi naona ni ubovu wa wazi wa hii sheria.

Afu kuna hiyo ya kulinganisha na miaka miwili ya nyuma. Uchumi ukiharibika ukakaa umeharibika miaka mitatu, namba bado iko juu lakini haijapanda kuliko zamani, kwa hiyo EB inajifunga watu wakiwa bado hawana kazi. Ilianza kutokea hivyo 2010, Bunge la Marekani likabidi liruhusu majimbo yaangalie miaka mitatu nyuma kwa muda.

Ikifunguka inakaa wazi si chini ya wiki 13, na ikifungwa inakaa imefungwa si chini ya wiki 13. Wizara ya Kazi ya Marekani inatoa orodha kila wiki inayoonyesha jimbo gani liko wazi, ni bure na iko mtandaoni. Mtu akikwambia "nyongeza imetoka", muulize ni jimbo gani na orodha ya wiki gani.

Lakini mbona kuna watu walilipwa karibu miaka miwili?

Ni kweli, hawakudanganyi. Ila hizo hazikuwa EB peke yake. Uchumi ukianguka sana Bunge huwa linapitisha sheria ya dharura juu ya ile ya kudumu. Mwaka 2008 walianzisha moja iliyoendelea mpaka mwisho wa Desemba 2013, na kuna wakati ukijumlisha wiki za kawaida, za dharura na EB, mtu kwenye jimbo lililoumia alifika wiki 99. Walivyoifunga, watu zaidi ya milioni moja walikatwa kwa mpigo wiki ile ya Krismasi.

Halafu Covid. Machi 2020 ikapita sheria ya CARES, ikaleta wiki 13 za nyongeza kwa walioishiwa, zikaongezwa tena na tena mpaka 53, na juu yake dola 600 kwa wiki mpaka Julai 2020, baadaye 300. Hata madereva wa Uber waliingia, na hilo halikuwahi kutokea kwa nchi nzima kabla. Yote hayo yaliisha mwanzoni mwa Septemba 2021, na karibu nusu ya majimbo yalijitoa mapema kabla ya hapo, Juni na Julai.

Shida ni kwamba watu wengi wetu mafao haya waliyajua kwa mara ya kwanza kipindi hicho cha Covid, wakadhani ndo kawaida. Ile ilikuwa sikukuu. Leo hakuna sheria ya dharura, na mpaka Bunge lipitishe nyingine usitegemee rais wala gavana akuongezee wiki kwa tamko tu.

Jimbo langu likifunguka napata kiasi gani?

Hela ya wiki ni ile ile uliyokuwa unapata. Kinachobadilika ni muda: unapewa nusu ya jumla ya mafao yako ya kawaida, isizidi wiki 13, ukiacha zile saba za jimbo lililofika asilimia 8. Kama ulikuwa na wiki 26 za dola 400, jumla ilikuwa 10,400, nyongeza ni 5,200, yaani wiki 13. Mtu wa Florida mwenye wiki 12 za dola 275, ambacho ndo kiwango chao cha juu, jumla yake ni 3,300 na nyongeza yake 1,650, wiki sita tu. Unaona? Aliyepewa kidogo mwanzo anaongezewa kidogo mwisho.

Masharti yanabaki yale yale?

Yanakaza, na watu wengi wanakatwa hapa siyo kwenye kuomba. Kwanza lazima uwe ulifanya kazi ya kutosha mwaka ule wanaouangalia, sheria ya nchi inasema wiki 20 za kazi ya muda wote au mshahara unaolingana na hiyo. Kwa hiyo mtu anaweza kufuzu ya kawaida na asifuzu EB.

Pili kutafuta kazi. Kwenye mafao ya kawaida majimbo mengine yanakuacha upumue kidogo, kwenye EB lazima utafute kwa mpango, kila wiki, na uwe na ushahidi: jina la kampuni, tarehe, uliomba kazi gani, uliomba vipi, walijibu nini. Nunua daftari la dola moja uandike siku hiyo hiyo, usingoje Jumapili usiku uanze kukumbuka.

Tatu, kukataa kazi. Wakati wa wiki za kawaida ulikuwa na haki ya kusema hii si fani yangu, mimi ni nesi, siwezi kwenda kufungasha maboksi. Kwenye EB, ofisi ikiona nafasi yako ya kupata kazi ya fani yako karibuni ni ndogo, kazi yoyote unayoiweza inahesabika kuwa inakufaa, alimradi inalipa zaidi ya mafao yako ya wiki na si chini ya kima cha chini cha mshahara, na umepewa kwa maandishi au imeorodheshwa kwenye ofisi ya ajira ya jimbo. Ukiikataa unakatwa, na ili urudi lazima ufanye kazi wiki nne na upate angalau mara nne ya mafao yako ya wiki.

Yaani unaambiwa na sheria kwamba sasa si muda wa kuchagua.

Naomba wapi? Au inakuja yenyewe?

Majimbo mengine yanakutumia taarifa, mengine unabonyeza mwenyewe kwenye akaunti yako, mengine unajaza fomu mpya kabisa. Cha msingi usiache kuripoti kila wiki hata kama salio linaonyesha sifuri, kama mfumo bado unakuruhusu ripoti, maana jimbo likifunguka katikati wiki ulizoripoti ni rahisi kulipwa kuliko wiki ulizonyamaza. Na kama ulihama nyumba badilisha anwani, barua nyingi za watu wetu ziko kwenye sanduku la apatimenti ya zamani.

Kiingereza changu si kizuri, nikipiga simu sielewi.

Sema "Swahili interpreter please" na unyamaze usubiri. Ofisi hizi zinapokea hela ya serikali kuu kwa hiyo kisheria haziruhusiwi kukunyima huduma kwa sababu ya lugha, na mkalimani wa simu ni bure. Usimtumie mtoto wa miaka kumi na mbili kutafsiri maswali ya "uliacha kazi au ulifukuzwa", hapo pana mtego hata kwa watu wazima. Waliozoea Kinyarwanda, Kirundi au Kilingala kuliko Kiswahili waombe lugha hiyo hiyo, usione haya, kuna watu wamepoteza mafao kwa sababu Kiswahili cha mkalimani kilikuwa cha Mombasa na chao cha Uvira wakapishana kwenye neno moja.

Akaunti inaonyesha bado nina dola 2,000 lakini wanasema sistahili tena. Vipi?

Hapa kuna saa mbili zinazotembea pamoja. Moja ni salio lako, ya pili ni mwaka wa mafao, wiki 52 kuanzia ulipofungua madai. Kama ulikuwa unapata vibarua vya hapa na pale salio linaisha polepole, mwaka ukifika kilichobaki kinafutika. Unatakiwa ufungue madai mapya, na ili yakubalike lazima uwe ulifanya kazi na kupata mshahara baada ya kufungua yale ya kwanza, huwezi kutumia mishahara ile ile mara mbili.

Na kuna kitu kinauma: kama ulifanya kazi kidogo tu mwaka huo, unaweza kufuzu madai mapya lakini kwa hela ndogo sana, tuseme dola 90 kwa wiki wakati zamani ulikuwa unapata 400. Huruhusiwi kuruka uende EB kwa ile 400, maana sheria inataka umalize kwanza kila mafao ya kawaida unayostahili popote, hata jimbo lingine. Kama hufuzu madai mapya na jimbo lilikuwa wazi mwaka wako ulipoisha, basi EB inaweza kukuchukua.

Nimehama. Nilifanya kazi Texas sasa niko Iowa, nani ananilipa?

Texas, ulikofanyia kazi. Kwa wiki za kawaida hakuna shida kubwa, unaripoti mtandaoni ukiwa popote ndani ya Marekani. Kwa EB kuna kikwazo: kama jimbo unalokaa sasa halijafunguliwa, unalipwa wiki mbili tu za EB hata kama jimbo linalokulipa liko wazi. Kwa hiyo kabla hujahama kwa sababu shangazi amesema huku kuna kazi, angalia kwanza.

Naendesha Uber, na mume wangu anaendesha lori kwa 1099, yaani kama aliyejiajiri, si mwajiriwa wa kampuni. Tunapata?

Wiki za kawaida hapana, kwa hiyo na EB hapana, maana EB inaanzia kwa mtu aliyemaliza za kawaida. Covid ilikuwa tofauti na imekwisha. Ila msiishie hapo. Kuna makampuni ya lori yanaandika watu 1099 wakati yanawapangia saa, njia, lori ni la kampuni na huruhusiwi kubebea mwingine. Ofisi ya jimbo ina haki ya kuangalia kazi yenyewe ilivyokuwa, siyo karatasi inasemaje, na ikiona ulikuwa mfanyakazi mwajiri anadaiwa kodi na wewe unahesabiwa mishahara. Omba, wakatae, kata rufaa ukiwa na meseji za dispacha na malipo ya benki. Haifanikiwi kila mara ila imefanikiwa kwa wengi tu.

Mimi ni mkimbizi au naomba hifadhi. Nikichukua hii itaniharibia makaratasi?

Mafao haya yanahesabika kama bima uliyoipata kwa kazi, si msaada wa pesa kwa maskini, na ndo maana hayajawekwa kwenye orodha ya vitu vya ile kanuni ya kuwa mzigo kwa serikali (public charge), inayoweza kumnyima mtu grini kadi. Mkimbizi na aliyepewa hifadhi hata kanuni yenyewe haiwagusi wanapoomba grini kadi. Kwa wengine kanuni hizi zinasukumwasukumwa kila serikali ikibadilika, kwa hiyo kama una kesi ngumu muulize wakili wa uhamiaji, siyo fundi wa simu mwenye maoni.

Kinachowakata watu wetu zaidi ni kadi ya kazi. Lazima uwe ulikuwa na ruhusa ulipopata ile mishahara, na uwe nayo kila wiki unayodai, maana unaapa kwamba ukiitwa kesho unaweza kuanza kazi. Kwa anayeomba hifadhi, kadi ikiisha Jumatano, wiki zinazofuata hazilipwi mpaka ushahidi mpya ufike. Na usitegemee kwamba risiti ya kuomba upya inakuongezea muda kama zamani, hilo limebadilishwa mwishoni mwa 2025, kwa hiyo omba upya mapema kadri wanavyoruhusu.

Baba amefariki nimeenda Bukavu wiki tatu. Niripoti kama kawaida kwenye simu?

Pole sana. Lakini hapana. Ukiwa huko huwezi kusema uko tayari kuanza kazi kesho, na mfumo unaona simu imeingia kutoka nchi gani. Wiki hizo ripoti kwamba ulisafiri, usilipwe, ukirudi fungua tena. Ukimpa mdogo wako neno la siri akuripotie, hiyo sasa inaitwa udanganyifu: unarudisha hela zote pamoja na faini isiyopungua asilimia 15, unafungiwa muda, na wanaweza kuchukua marejesho yako ya kodi ya mwaka mpaka liishe deni. Hela ya wiki tatu haifai hiyo vita.

Nimepata barua nirudishe dola elfu nne. Nimezila zamani.

Usiitupe na usilie kwanza, angalia tarehe. Muda wa kukata rufaa ni mfupi, majimbo mengine ni siku 10 tu, mengine mpaka 30, na wanahesabu kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye barua siyo siku uliyofungua bahasha. Soma kama wameandika ni udanganyifu au ni makosa ya kawaida, maana kwa makosa yasiyo yako majimbo mengi yana fomu ya kuomba usamehewe deni ukionyesha huna uwezo. Rufaa na msamaha ni vitu viwili, unaweza kuomba vyote. Siku ya kusikilizwa mara nyingi ni kwa simu, kaa sehemu yenye mtandao, omba mkalimani mapema, na wasiliana na ofisi ya msaada wa sheria wa bure ya eneo lako. Wakati rufaa inaendelea endelea kuripoti kila wiki, ukishinda wanalipa zile ulizoripoti tu.

Nikienda shule wananiongezea?

Hii ni njia ambayo haisubiri takwimu za jimbo na watu hawaiulizi! Massachusetts wana mpango wa mafunzo unaoweza kukupa mpaka wiki 26 zaidi ukiwa kwenye kozi iliyokubaliwa. New York wana wao, California na Washington vile vile, kila mmoja kwa masharti yake na mfuko wake. Kozi ni kama udereva wa lori, unesi msaidizi, uchomeleaji. Mtego uko kwenye muda: lazima uombe mapema ukiwa bado unalipwa, ukija wiki ya mwisho wanakwambia umechelewa. Kwa hiyo siku ile ile unafungua madai, uliza kuhusu mafunzo. Majimbo mengine hayana nyongeza hiyo ila angalau yanakuondolea sharti la kutafuta kazi ukiwa darasani.

Tumepigwa na kimbunga, kazi imefungwa.

Rais akitangaza maafa kwenye kaunti yenu na akaruhusu misaada ya mtu mmoja mmoja, kuna mafao ya maafa ya mpaka wiki 26, na hayo yanapokea hata aliyejiajiri. Mwisho wa kuomba unatangazwa na ni mfupi.

Inakatwa kodi?

Ya serikali kuu ndiyo, EB pia. Januari utapata fomu 1099-G, inayoonyesha mafao uliyolipwa mwaka uliopita. Ukitaka wakate asilimia 10 kabisa kila wiki unachagua mwenyewe, na mimi ningechagua, maana Aprili mtu hana kazi afu anadaiwa ni mateso mawili.

Kuna jamaa Facebook anasema kwa dola 150 anafungua wiki za nyongeza.

Mwizi. Kufungua ni bure jimbo lolote. Atachukua namba yako ya Social Security, atabadilisha akaunti ya benki, na ikigundulika jina lililoko kwenye kesi ni lako. Kiswahili chake kizuri kisikudanganye.

Basi nyongeza hakuna na hela imekwisha. Nianzie wapi?

Kesho asubuhi piga 211, ni namba ya nchi nzima ya kuunganishwa na misaada ya mtaani, kodi ya nyumba, umeme, chakula, na ina wakalimani. Kama una watoto shuleni jaza fomu ya chakula cha shule, inapokelewa mwezi wowote kipato kikishuka na hawaulizi makaratasi. Mjamzito au mwenye mtoto chini ya miaka mitano aende WIC, programu ya chakula cha mama na mtoto, nayo haiangalii makaratasi ya uhamiaji.

SNAP, yaani stempu za chakula, imekuwa ngumu. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imewatoa wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao bado hawana grini kadi. Kwa hiyo kama umeshatimiza mwaka mmoja na ulikuwa unaahirisha kuomba grini kadi, sasa hivi ile karatasi ina maana ya chakula mezani. Watoto waliozaliwa hapa ni raia, wao waombee, hata kama wewe umekataliwa.

Aliyefika chini ya miaka mitano iliyopita kama mkimbizi arudi kwenye shirika lililompokea aulizie huduma za ajira, wengi wanadhani ziliisha ile miezi ya mwanzo na siyo kweli, kilichofupishwa 2025 ni ile hela ya mkononi, kutoka miezi 12 mpaka minne. Na American Job Center, ofisi za kusaidia wanaotafuta kazi, ziko karibu kila mji mkubwa, nenda mwenyewe kwa miguu usijaze tu mtandaoni, mwambie mtu wa dirishani kwamba mafao yako yameisha na unataka mafunzo yanayolipiwa na WIOA, sheria ya serikali kuu ya mafunzo ya kazi, litaje jina hilo.

Mwenye nyumba mwandikie meseji kabla ya tarehe moja, siyo baada. Ukipokea karatasi ya mahakama nenda siku hiyo hata kama huna hata senti, asiyefika anahukumiwa kwa kutokuwepo, na mahakama nyingi za nyumba zina mawakili wa bure wamekaa pale koridoni asubuhi, fika kabla ya saa tatu na uulize meza yao iko wapi.